Video ya Sekunde Kumi na Tisa

Mdogo wangu ni kiziwi wa kuzaliwa. Shule ya watoto wasiosikia ilikuwa mbali na kwetu, na baba alipofariki habari za shule zikaishia hapo, kwa hiyo kusoma hajui. Lugha alikuwa nayo, lakini ilikuwa lugha ya watu watatu tu duniani: yeye, mama, na mimi dada yake. Mama ndiye aliyeianza, mdogo wangu akiwa bado anatambaa, nasi tukaiongezea kadiri maisha yalivyotudai maneno. Kidole shavuni, pale mama alipoungua zamani, ni mama. Kuvuta uzi hewani ni mimi, kwa sababu kazi yangu ni cherehani. Kujifinya mkono kwa juu, mahali pa sindano, ni hospitali. Kupakata ni mtoto. Kulaza shavu kwenye kiganja ni kulala. Ukifanya hivyo kisha ukakigeuza kiganja kikatazama chini, umesema kufa.

Tunaishi kwenye vilima vya Wamatumbi, kijiji kidogo kilicho bondeni chini ya Kipatimu. Masika ya mwaka huo yalikuwa mabaya. Mdogo wangu alikuwa akitokwa na damu kwa miezi, akatuficha, maana ni mtu mzima na ana haya zake. Tulikuja kujua siku alipoanguka kwenye shamba la mpunga. Tulimteremsha kwa pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke, hadi barabara kuu, na kutoka hapo hadi hospitali ya wilaya. Wakamwongezea damu. Nikarudi nyumbani kuchukua nguo na kumleta mama, na nikiwa bado njiani nikapigiwa simu kwamba hali imebadilika, gari la wagonjwa linaondoka naye sasa hivi kwenda Dar es Salaam. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, ambaye anaishi Mbagala, angempokea huko.

Kesho yake mimi na mama tulifika barabarani na mabegi yetu tukakuta hakuna gari linalopita. Maji yalikuwa yamebeba tuta la daraja huko mbele. Malori yamepanga foleni, madereva wamelala kwenye mikeka chini ya magari yao. Tukasubiri mpaka alasiri, tukarudi vilimani.

Mtu mwingine yeyote ningempigia simu nikamwambia, vumilia, tunakuja. Yeye ningempigia nimwambie nini? Sauti yangu kwake ni sawa na hakuna. Siku mbili nzima nilikuwa nikimpigia mama mdogo, naye ananiambia, "Yupo, amelala," au "Yupo, amekunywa uji," na mimi nashukuru, huku nikijua kwamba mgonjwa mwenyewe hajui kama tuko hai.

Siku ya tatu, asubuhi, mama mdogo akapiga yeye.

"Mwanangu, amegoma," akasema. "Amechomoa dripu. Wanamfuata na karatasi ya kuweka dole, anawasukuma. Amemng'ata nesi."

"Kwa nini?"

"Nitajuaje mimi? Ishara zake nazijua tatu, chakula, maji na choo. Jana mgonjwa wa kitanda cha jirani alipelekwa upasuaji hakurudi. Amekiona kitanda kikitandikwa upya. Tangu hapo anamtaka mama yenu. Anagusa shavu, anagusa shavu, mpaka amejichubua."

Daktari akaichukua simu. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyechoka. Akanieleza polepole kwamba kuna uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, na unavuja damu kuliko wanavyoweza kumrudishia.

"Leo ni lazima afanyiwe upasuaji," akasema. "Tutajitahidi kuuacha mfuko. Ikishindikana tutautoa, na hapo hatazaa tena. Lakini ni mtu mzima mwenye akili zake, siwezi kumfunga kamba. Lazima aelewe, akubali mwenyewe. Nimewekewa chumba cha upasuaji saa kumi. Mnaweza kuzungumza naye kwa video?"

"Tunaweza," nikasema.

Nilisema hivyo kwa sababu simu ya kupangusa ninayo, ingawa mpaka daktari alipoitaja video wazo hilo halikuwa limenijia. Niliinunua mkononi kwa mtu, Kilwa Masoko, ili wateja wanitumie picha za mishono. Wiki mbili kabla ya hapo ilikuwa imeganda, fundi akaiflashi, yaani akafuta vyote vilivyokuwamo, ikarudi kama mpya, na tangu hapo nilikuwa nimeitumia kupiga na kupokea tu. Betri yake ilikuwa imechoka. Ikizimika inachukua muda kuwaka, na ikiwaka inakuwa kama mtu aliyeamshwa ghafla, haijui saa wala siku.

Mama alikuwa jikoni. Nikamwambia yote, na lile la mfuko wa uzazi nikamwambia kwa Kimatumbi, kwa sababu kwa Kiswahili lilisikika kama neno la karatasini. Hakulia. Alinawa mikono, akavaa kanga safi, akakaa mbele yangu kwenye mkeka kama mtu anayekwenda kupigwa picha.

"Haya, mwite," akasema.

Nikawasha data. Nikajiunga bando, ujumbe ukaja kwamba bando limekubali. Nikafungua ile programu ya kupiga video, nikagusa jina la mama mdogo. Haikuita. Nikagusa tena. Ikaandika kwamba hakuna intaneti. Nikaangalia juu ya kioo: vistari vya mtandao vipo vitatu, lakini ile herufi inayokaa pembeni yake data ikisoma haipo.

Nikazima data nikawasha. Nikaiweka simu kwenye hali ya ndege, nikahesabu mpaka thelathini, nikaitoa. Vistari vikapotea vikarudi, herufi haikuja. Nikaizima simu yote nikaiwasha. Nikachukua sindano ya cherehani nikachomoa kile kitako cha laini, nikaitoa laini, nikaifuta kwenye gauni langu, nikairudisha. Nikaihamishia tundu la pili. Nikatoka uani, nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikainua mkono. Mama ananitazama tu. Kila nilipobonyeza kitu aliuliza, "Tayari?" na kila mara nikamjibu, "Bado, mama." Mara ya saba au ya nane hakuuliza tena.

Kijijini kwetu simu nyingi ni vitochi, zile ndogo za kubonyeza zisizo na video. Mwalimu mmoja ana simu nzuri, lakini shule zilikuwa zimefungwa, naye yuko kwao Nachingwea. Nikamwambia mama twende Kipatimu. Tulipanda pikipiki moja, dereva mbele, mama katikati, mimi mwisho. Kile kilima cha udongo mwekundu kilikuwa utelezi mtupu. Mara mbili tulishuka tukaisukuma pikipiki, mama naye akisukuma, kanga imelowa mpaka magotini. Njiani mama mdogo akapiga tena. Sikuipokea. Nilimwogopa.

Tulifika kama saa sita. Nilidhani tatizo ni mnara, kwamba nikifika juu data itajileta yenyewe. Vistari vikawa vitano. Herufi haikuja.

Nilisimama pale sokoni, na nakumbuka kwamba nilitaka kuitupa simu kwenye mtaro. Mama akanishika kiwiko akanipeleka kwenye kibanda cha wakala wa fedha, mwanamke wa makamo aliyekuwa amejifunika mtandio na anakula muhogo wa kuchemsha.

"Shikamoo, mama," yule wakala akamsalimia.

"Marahaba, mwanangu. Tusaidie. Mtoto wangu anakufa Dar es Salaam na simu haitaki."

Mama alisema hivyo hivyo, bila kutangulia na habari za asubuhi. Wakala akaweka muhogo chini. Kwanza akatoa simu yake mwenyewe atupe tupigie, akaitazama, akasonya. Laini yake ilikuwa ya mtandao mwingine, na mnara wao ulikuwa umezimika tangu jana. Tukajaribu kuweka laini yangu kwenye simu yake. Tundu lake likawa la laini moja tu, na simu ikaikataa ya kwangu, ikadai namba ya kufungulia ambayo hakuwa nayo.

"Basi tuiponye hii hii," akasema. "Ilianza lini?"

"Sijui. Leo ndiyo nimewasha data. Fundi aliiflashi wiki mbili zilizopita."

"Aa! Kumbe. Imefutika setingi za intaneti. Simu imesahau mlango wa kuingilia. Piga huduma kwa wateja, waambie wakutumie."

Nikapiga. Muziki ukalia. Sauti ikaniambia bonyeza moja, bonyeza nne, wahudumu wetu wote wanawahudumia wateja wengine. Muziki tena. Nilikuwa nimeiweka simu sauti kubwa, na watu waliokuja kwa wakala wakanyamaza kusikiliza nasi. Saa saba ikapita. Betri ilikuwa asilimia arobaini na moja.

Akapokea kijana mwenye adabu, akaniuliza jina kamili, akaniuliza nambari ya kitambulisho, akaniuliza anisaidie nini. Nikamwambia. Akasema ananitumia setingi kwa ujumbe, nisubiri dakika tano. Nikamwambia sina dakika tano. Akasema, "Pole sana, ndugu mteja." Ujumbe haukuja. Nikapiga tena, muziki tena, akapokea mwingine, binti. Nilipoanza kueleza nikasikia sauti yangu inapanda, nikaanza kulia nikimwambia kwamba mdogo wangu hasikii, hasikii kabisa, unanielewa? Wakala akaninyang'anya simu.

"Dada, nitajie setingi kwa mdomo," akamwambia. "Herufi moja moja. Mimi naandika."

Akaandika kwenye kipande cha boksi la sabuni. Neno lenyewe lilikuwa fupi kabisa, herufi chache tu. Kisha akaingia kwenye mipangilio ya simu yangu, akapita milango ambayo sikuwahi kujua ipo, akafika mahali palipokuwa patupu, pameandikwa kwamba hakuna kitu. Akaongeza lile neno kwa herufi ndogo, akahifadhi. Tukazima, tukawasha. Alipokuwa anasubiri iwake alikuwa anasema bismillahi chini chini, nami nikamfuata.

Herufi ikatokea. Sijawahi kuipenda herufi namna ile.

Nikafungua programu ya video. Ikakataa. Safari hii ilileta maneno mengine, ya Kiingereza, na mimi akili yangu ilikuwa imeshatoka, sikuweza kuyasoma hata yale ninayoyajua. Nilikaa chini kwenye matope. Mama akaniuliza nini tena. Nikasema, "Sijui, mama, sijui, labda Mungu hataki," na yeye akanipiga kofi la bega, la kweli, kama nilipokuwa mtoto.

Wakala akasoma. Akasoma tena. Kisha akaangalia pembeni ya kioo.

"Dada, leo tarehe ngapi?"

Nikamtajia.

"Simu yako iko miaka mitano nyuma. Ilipozimika ikapoteza siku. Programu inakuona unatoka zamani, haikuamini."

Akarekebisha mwaka, mwezi, siku, saa. Saa nane na nusu. Nikagusa jina la mama mdogo, na simu ikaita.

Uso wa mdogo wangu ulijaa kwenye kioo, umevimba, midomo mikavu. Alipomwona mama alifungua mdomo akatoa ile sauti yake ambayo hatoi mbele za watu. Watu waliokuwa kibandani wakarudi nyuma wenyewe. Mama akaanza kusema kwa mikono, haraka, kwa furaha: mama yuko hapa, dada yuko hapa, maji yamekata njia, tutakuja. Picha ikaganda, ikaruka, ikaganda. Mama hakujua. Aliendelea. Akamwambia watakuchoma sindano, utalala, wataondoa kitu kibaya tumboni, utaamka, utarudi nyumbani.

Kwenye kile kipicha kidogo cha pembeni nilituona tunakwenda vizuri. Lakini macho ya mdogo wangu hayakuwa yakifuata. Yalikuwa yamekazia kitu kimoja. Mama mdogo akapiga kelele kwa nyuma, "Mmeganda! Mmeganda! Mama yenu ameweka shavu mkononi tu!" Huko kwa mdogo wangu, mama alikuwa amegandia kwenye kulala. Akaona mama amelaza shavu, amefumba macho, haamki. Sekunde kumi, sekunde ishirini. Kisha, mama mdogo alitueleza baadaye, picha ikaruka ikaonyesha mkono wa mama ukiwa chini, kiganja kimetazama ardhi.

Mdogo wangu akajifunika shuka usoni. Simu ikakatika.

Tulipiga mara tano au sita. Ilikuwa inaita, inashika, inakatika. Mama mdogo akapiga kwa njia ya kawaida akilia. "Mmemwambia nini? Mmemwambia nini mtoto? Sasa amejilaza kageukia ukuta, haangalii mtu."

Mama alikuwa bado amekaa mbele ya simu, mikono magotini. Ndipo wakala akasema, "Mtandao hauwezi kubeba mazungumzo. Mrekodi. Video fupi, mtume. Ikishafika kule haigandi, ataiangalia mara mia."

Tulirekodi. Tulirekodi kila kitu, kwa utulivu, na mwisho mimi nikaingia mbele ya kioo nikamwambia lile la daktari. Ishara ya mfuko wa uzazi hatukuwa nayo. Nikapakata mtoto, nikagusa tumbo, nikafanya nyumba kwa viganja, nyumba ya mtoto. Nikamwambia labda wataitoa nyumba, labda haitakuwepo. Nikamuuliza, unakubali? Video ilikuwa ya dakika moja na zaidi. Nikaituma. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Betri asilimia kumi na tano. Saa tisa na dakika kumi. Kiduara hakijafika hata nusu, kikasimama, kikazunguka tena.

"Ni kubwa," wakala akasema. "Ipunguzeni."

Mama akanitazama. "Hiyo ya mtoto usiiweke," akasema.

"Mama, daktari amesema lazima aelewe."

"Atakataa."

"Ni tumbo lake, mama."

"Aliyekufa hazai," mama akasema. "Washa."

Niliwasha. Mama akasema kwa mikono: mama yuko hapa. Sindano. Utalala, utaamka, na hapo akafumbua macho makubwa akanyoosha mikono juu kama mtu anayeamka asubuhi. Kitu kibaya kitatoka. Utarudi nyumbani. Kubali. Sekunde kumi na tisa. Nimejiambia mara nyingi kwamba mtandao ndio ulioikata ile ya mtoto. Si kweli. Sekunde tano za kupakata na kuuliza zingepita. Nilikuwa nimeshika simu mimi, na kidole kilichozima kamera kilikuwa changu.

Kiduara kilizunguka, kikajaa. Tiki moja. Tiki mbili. Baada ya muda ambao sikuupima, zikawa za bluu.

Mama mdogo alipiga saa tisa na dakika hamsini. "Ameangalia mara nne," akasema. "Ameweka dole. Wanamchukua."

Mama alisujudu palepale kwenye matope ya soko. Wakala akalia, mimi nikalia, simu ikazimika mkononi mwangu.

Alipona. Nalisema mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji asahau kwamba alipona. Daktari alijitahidi, mfuko haukuokoka. Mama mdogo alinipa habari usiku uleule kwa kitochi cha jirani, nami nikamwambia mama, naye akasema alhamdulillahi yu hai, kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Asubuhi nikaichaji simu kwa jirani mwenye sola na kuipandisha kwenye kilima cha nyuma ya shule, kuuliza hali. Nikairekebisha tarehe kama wakala alivyofanya, data ikashika. Nikaona ile video ndefu, ambayo nilidhani imekufa, kiduara chake kinazunguka. Nilikuwa nimesahau kuifuta. Niliigusa niifute, nikakosea, nikagusa tena. Tiki moja. Tiki mbili. Nikampigia mama mdogo aifute asimwonyeshe. Hakupokea. Alikuwa amekwenda kuchota maji ya moto, na simu amemwachia mgonjwa, kwa sababu tangu alipoamka alikuwa anaitaka, anataka kumwona mama anavyoamka na kunyoosha mikono.

Akaiona hiyo kwanza. Kisha akaiona ya pili, ambamo mimi napakata mtoto, nafanya nyumba, namuuliza unakubali. Akajigusa tumbo lenye bandeji. Mama mdogo aliporudi alimkuta ameishika simu kwa mikono miwili, halii, haitupi, ameishika tu.

Daraja lilipotengenezwa tulimfuata. Alimkumbatia mama. Mimi aliniangalia kama anavyoangalia watu wa stendi. Nyumbani, kwa wiki nyingi, nilimpelekea chakula akala, nilimfulia akavaa, lakini nikianza kusema kwa mikono anageuza uso. Kwa kiziwi huko ndiko kukuzibia masikio. Hakuna namna ya kumbembeleza mtu asiyekutazama.

Siku moja ya kupalilia mikorosho, tumepumzika watatu, akanikabili mwenyewe. Akavuta uzi hewani. Wewe. Akapakata. Akakata hewa kwa vidole viwili kama mkasi. Nani aliikata ile ya mtoto?

Nikajigusa kifua. Mimi.

Mama akaweka jembe chini. Akagusa shavu lake. Mama. Kisha akaeleza, kwa mikono iliyojaa udongo, kwamba alimwogopa, kwamba alimwona amekufa, kwamba angefanya tena. Mdogo wangu akamtazama mpaka mwisho. Akamjibu kitu kimoja tu: mngeniuliza. Sisi neno hilo tunalifanya kwa kufungua kiganja na kumpelekea mwenzako kama unampa kitu. Alikifungua kwa mama, akakifungua kwangu, akarudi kwenye mstari wake wa palizi.

Mle wodini, katika zile wiki za kupona, alikutana na mwanamke kiziwi aliyekuja kumwona ndugu yake, mtu aliyesoma, mwenye lugha ya alama wanayoijua viziwi wenzake wa nchi nzima. Wakawa marafiki. Sasa mdogo wangu ana simu yake, aliinunua kwa ufuta wake mwenyewe, na kila Ijumaa anapanda Kipatimu, anakaa nyuma ya kibanda cha wakala ambako data inashika, anazungumza na watu wa Dar es Salaam, wa Lindi, hata wa Mwanza. Mikono yake imekuwa ya haraka. Anacheka vitu ambavyo mimi na mama hatuvielewi. Mama anasema wamemharibia lugha. Mimi nimemwomba anifundishe, na amekubali, kwa masharti yake: nikae mbele yake jioni kabla ya Magharibi, nisishike cherehani, nisishike simu. Nikikosea ananipiga vidole. Wiki iliyopita alinifundisha ishara ya mfuko wa uzazi. Aliirudia polepole mara tatu, akasubiri niifanye, na nilipoifanya ovyo akanishika mkono akaniwekea vidole vyangu mahali pake.